Koti la Fundi wa Ninga

Siku ya tatu baada ya mazishi, siku ya kunyoa nywele, mzee wa ukoo alisimama mbele ya nyumba huko Bungoma akauliza kama desturi inavyotaka: mwenye neno na marehemu aliseme sasa, mbele ya watu, kesho asije akamsumbua mjane. Aliuliza mara tatu. Watu walitazama chini. Kuku mmoja alipita katikati ya viti akidonoa punje za wali wa jana. Hakuna aliyesimama.

Nasike alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, kitambaa cheusi kichwani. Alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Mume wake Wekulo alikuwa ameishi Nairobi miaka ishirini na minane, na alikuwa amerudi nyumbani ndani ya sanduku bila mtu hata mmoja wa kumlaumu. Katika msiba wote, hilo ndilo lililompa nguvu ya kuinuka.

Kisha nguo zikagawanywa. Zilikuwa zimekwisha kufuliwa, kwa sababu kwao nguo za marehemu haziingii mkononi mwa mtu mwingine na jasho lake. Suti ilikwenda kwa mwana wa dada. Sweta ilikwenda kwa mzee wa kanisa aliyeomba siku nne mfululizo bila kuchoka. Koti la kazi, dastkoti la rangi ya kaki lenye mifuko mikubwa, lilikwenda kwa Mukhwana, mdogo wake marehemu, fundi wa kuchomelea milango ya chuma kule Kawangware.

"Hili limenitosha," Mukhwana alisema akilipima mabegani. "Cheche za moto hazijali koti ni la nani."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha matanga, na siku ikaisha.

Neno lilikuja wiki mbili baadaye. Lilikuja Gatwekera, mtaa wa Nairobi ambako Nasike alikuwa amerudi, kwa miguu, saa nne asubuhi, likiwa limevaa raba zilizojaa matope. Alikuwa Daktari Kasyoka, mama mfupi wa Kikamba aliyekuwa mkubwa wa Wekulo kazini. Aliinama kupita chini ya kamba ya nguo, akabisha mlango wa mabati.

"Mama Joan, pole tena. Nimekuja mikono mitupu."

"Mikono mitupu ndiyo hushika kikombe, daktari. Ingia ukae."

Kasyoka akakaa. Alishika chai bila kuinywa, na Nasike, aliyekuwa amepokea wageni wengi mwezi ule, akajua kwamba huyu hakuja kutoa pole.

Wekulo hakuzaliwa kuwa mtu wa ndege. Aliacha shule akiwa kidato cha pili, akaja mjini na cherehani ya kuazima, akapata nafasi ya meta moja katika Soko la Toi, akawa anarekebisha mitumba. Sifa yake ilikuwa moja: akishona mpasuko, hungeuona tena. Wauzaji wa nguo walimletea makoti yaliyoliwa na panya, naye akayarudisha mazima. Siku moja mwanamke asiyemjua alimletea gauni lililochanika kwapani. Alipokuja kulichukua alilitafuta lile tundu kwa dakika nzima, akalikosa. Akamwuliza, "Fundi, unaweza kumshona ndege?"

Wekulo alidhani anataniwa. "Nikimshona mdomo au nini?"

Mwanamke yule alikuwa Kasyoka, wakati huo bado mwanafunzi katika kituo kimoja cha kuhifadhi ndege upande wa Lavington. Kituoni walihitaji mtu wa kuchuna ndege waliokufa, kusafisha ngozi, kuzijaza pamba na kuzishona, ili wataalamu wa miaka mia ijayo wawashike mkononi na kujua walikuwa wa namna gani. Wekulo alikwenda kwa siku moja ya majaribio. Alikaa miaka kumi na tisa.

Kila asubuhi alitoka Gatwekera kwa miguu, akipitia Sarang'ombe, na kila jioni alirudi akinukia sabuni kali ya kituo. Majirani walimwita Daktari wa Kuku. Hakukasirika. Alikuwa mtu wa kusema kidogo na kurudia yaleyale. Kwa binti yake Joan alirudia jambo moja hadi likawa wimbo wa nyumba: jina kwenye daftari liandikwe kwa penseli. "Biro hulia ikiona maji. Penseli hunyamaza." Na kwa Nasike alirudia jingine, kila usiku wa Jumamosi alipokuwa akiandaa nguo za kanisani: "Ndege asiye na lebo ni manyoya tu, mama. Ni kama mtu aliyezikwa bila jina."

Sasa Kasyoka alikuwa amekaa kwenye kiti cha Wekulo, akizungumzia hayohayo.

"Siku ile alipoanguka," alisema, "mezani kwake kulikuwa na ninga wawili. Unajua ninga?"

"Njiwa wa kijani. Wako kwetu pia, kwenye mikuyu."

"Hao wa bara ni wengi, na mmoja wa wale wawili alikuwa wa bara, kutoka pwani. Wa pili alitoka Kiungamwe. Hicho ni kisiwa kidogo baharini, ukitembea kutwa umekimaliza. Mlinzi wa msitu alimkuta amekufa chini ya mti, akatuletea kwa barafu. Vitabu vinasema ninga wa Kiungamwe ni ninga tu, watoto wa wale wa bara waliovuka maji zamani wakapauka kwa jua la huko. Mzee wako ndiye alisema hapana."

"Alisema nini?"

Kasyoka alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Alisema jambo la mitumba. Kwamba nguo iliyopauka huijui kwa nje. Unafungua mshono, unaangalia ndani, mahali ambapo jua halijafika. Akapuliza manyoya ya kifua cha yule ndege, akanionyesha. Yalikuwa ya kijivu hadi kwenye shina. Akaniambia, 'Daktari, hii haijapauka. Hiki ni kitambaa kingine.' Mimi nimesoma mpaka nikavaa joho, na sikuwa nimewahi kuangalia ndani ya mshono."

Nasike alitazama pembeni, kwenye cherehani iliyofunikwa kwa kitambaa cha meza. Machozi yaliyokuja hayakuwa ya uchungu peke yake.

"Sasa sikia," Kasyoka aliendelea, na sauti yake ikashuka. "Kuna kamati ya wataalamu inayoamua ndege gani ni aina yake na ndege gani ni tawi la mwingine. Ninga wa Kiungamwe akihesabiwa pamoja na wa bara, basi ni maelfu, na hakuna atakayejali miti ya Kiungamwe, ambayo inakatwa makaa kila mwezi. Akihesabiwa peke yake, hawafiki mia mbili duniani kote. Ijumaa hii ndiyo mwisho wa kupeleka ushahidi. Na ushahidi wangu ni ndege mmoja ambaye hana lebo."

"Hana?"

"Wa pwani anayo, imefungwa mguuni. Wa kisiwani mguu wake uko mtupu. Lebo ndiyo yenye mahali, siku, uzito, urefu wa ubawa, rangi ya macho. Macho hayahifadhiki, mama. Mzee aliyaona mabichi akayaandika, na sasa pale kuna pamba." Akakizungusha kikombe mikononi. "Na kwa kuwa ya mmoja imepotea, watu wanasema hata ile iliyopo huenda ipo kwenye ndege asiye wake. Muema wa stoo anasema presha ilikuwa imeshamvuruga mzee. Kwamba alichanganya."

Hilo ndilo lilikuwa neno. Nasike aliliona likikaa katikati ya chumba kama mgeni wa tatu. Mume wake, ambaye wauzaji wa Toi walimwamini na makoti yao, ambaye watu waliulizwa habari zake mara tatu mbele ya nyumba yake akatoka safi, alikuwa amebaki kituoni kama mzee aliyechanganya kazi yake ya mwisho.

"Na wewe unasema nini, daktari?"

"Mimi nasema sijui. Ndiyo maana nimekuja kwako badala ya kukupigia simu. Alifanya kazi peke yake mle ndani, mlango amefunga, hakutaka upepo upeperushe manyoya. Sijui alikuwa akiiweka wapi lebo akiifungua mguuni ili apanguse ndege. Mezani haipo. Kwenye droo haipo. Tumefagia hata chini ya kabati."

Nasike alikuwa akiona shingo. Shingo ya Wekulo, upande wa kushoto chini ya sikio, na mistari midogo myekundu ambayo kila Jumamosi aliipaka mafuta. Kwa miaka mingi alimtania kuwa ana kola yenye meno. Naye alijibu vilevile kila mara: "Inanikwaruza ili nisisahau."

"Shingoni," alisema.

"Nini?"

"Hakuiweka mezani kwa sababu mezani ndiko vitu huchanganyika. Aliibana na pini ya nepi, ile niliyoikuta kila nikifua, chini ya kola ya dastkoti, hapa, imwume hadi airudishe." Alisimama, kisha akaketi tena. "Mungu wangu. Nililifua lile koti."

Hospitali walimpa lile koti ndani ya gunia dogo. Katika ndoa yote hakuwahi kufua nguo ya mume wake bila kupapasa kila pindo, kwa sababu Wekulo alisahau sindano kila mahali. Siku hiyo hakuweza. Alilitumbukiza kwenye beseni bila kulitazama, akaliloweka usiku kucha kwa sabuni ya unga, akalisugua kwa brashi akiwa amegeuza uso, akalianika. Ilikuwa mara ya kwanza.

Kasyoka akauliza polepole, "Na sasa liko wapi?"

"Kawangware."

Siku ya pili yake, Jumatano, Nasike alikwenda huko. Kasyoka alitaka kumsindikiza akakataa. "Hayo ni mambo ya ukoo. Nitakuja nalo."

Mukhwana alikuwa nje ya kibanda chake, amevaa fulana yenye matundu ya cheche, akichomelea kitasa kwenye geti la mtu. Dastkoti hakuwa nalo. Mke wake, Jentrix, alikuwa akichambua sukuma kwenye kigoda. Alipomwona Nasike alimkumbatia, wakalia kidogo kama ilivyo ada, kisha wakafuta macho.

"Shemeji," Nasike alisema, "nimekuja kuliona koti la kaka yako."

Mukhwana alizima mashine. Akavua miwani myeusi, akaifuta ingawa haikuwa chafu. "Koti liko."

"Muulize liko wapi," Jentrix alisema bila kuinua uso.

"Nimesema liko."

"Muulize tu, mama. Mwanaume mzima mwenye ndevu."

Mukhwana akaonyesha kwa kidevu. Juu ya paa la kibanda, kati ya tairi kuukuu na beseni lililopasuka, kulikuwa na gunia limekandamizwa kwa jiwe.

"Juu ya mabati?" Nasike aliuliza. "Na mvua ya wiki nzima?"

"Mama Joan, usinilaumu kabla hujasikia. Nililivaa siku ya kwanza, likanishika hapa." Aligusa shingo upande wa kushoto. "Nikasema ni jasho. Siku ya pili likanishika tena, palepale, na nilipolivua nikaona damu kwenye kola. Damu, shemeji, na mimi sikuwa na kidonda. Sasa kitu cha marehemu kikikukataa mara mbili, wewe unangoja ya tatu? Nikasema lisilale nyumba moja na watoto. Nimemtafuta mchungaji aje aliombee, ameniambia Jumapili."

"Ameacha hata kupita upande ule wa kibanda," Jentrix alisema. "Anazunguka kwa jirani. Mimi nimemwambia, kaka yako alikuwa mpole akiwa hai, atakuwaje mkali baada ya kufa?"

Nasike hakucheka, ingawa baadaye alicheka sana. "Lishushe."

"Mimi?"

"Basi niletee ngazi."

Mukhwana akaona haya, akapanda juu ya pipa, akalivuta gunia kwa koleo refu la kushikia chuma cha moto. Lilianguka chini likiwa zito la maji. Nasike alipiga magoti palepale kwenye vyuma na vumbi, akalifungua. Koti lilinuka uvundo. Kwenye kola kulikuwa na doa la kahawia, kweli kama damu iliyokauka. Aliligusa. Ilikuwa kutu.

Aliomba bila kufumba macho. Kisha akaigeuza kola.

Pini ilikuwa pale, imeota kutu hadi ikashikana na kitambaa, na ncha yake imetoka nje kidogo, kiasi cha kumkwaruza mtu asiyejua. Chini yake kulikuwa na kikaratasi kigumu, kimekunjwa mara moja, uzi wake bado umening'inia. Mukhwana aliinama akatazama. Akachukua koleo dogo, akakata pini kwa uangalifu mkubwa.

Nasike alikikunjua kikaratasi juu ya kiganja. Kilikuwa kimelainika kama ngozi ya kitunguu, na pembe moja imekwenda pamoja na tarehe. Lakini maandishi yalikuwepo, madogo, yaliyosimama wima, ya mtu aliyejifunza kuandika kwa kuogopa kupoteza nafasi. Penseli. Yalikuwa yamefuliwa usiku kucha, yakasuguliwa kwa brashi, yakanyeshewa wiki nzima, na yalikuwa yamenyamaza tu.

*Ninga, jike. Kiungamwe, chini ya mkuyu. Uzito gramu 168. Ubawa milimita 172. Macho: buluu ya maziwa, pete ya nje waridi. Miguu: myekundu ya matofali. Tumboni: kuyu, mbegu nyingi.*

Alisoma kwa sauti, na alipofika kwenye macho akarudia mstari ule. Mezani kwake mtu huyu alikuwa amemtazama ndege aliyekufa machoni hadi akapata rangi yake sawasawa, na saa chache baadaye yeye mwenyewe alikuwa sakafuni.

"Kwa hivyo hakuwa akinikataa," Mukhwana alisema.

"Alikuwa akikukumbusha. Wala wewe si wa kwanza kushindwa kumsikia. Mimi nimempaka mafuta shingo hiyo miaka kumi na tisa."

Kutoka kwa Mukhwana hadi kituoni si mbali. Walikwenda wote wawili moja kwa moja. Mukhwana alikuwa amekataa kubaki. Kasyoka alipoona kikaratasi alikaa chini kwenye ngazi za mlangoni kwa muda. Halafu akainuka, akawa mtaalamu. Hakutaka furaha iwe ushahidi. Alimwita Muema wa stoo, kijana mrefu mwenye uso wa kujihami, akamkabidhi rula ya chuma.

"Wewe utapima, na hujaiona lebo. Mama Joan ameishika, hatasema kitu. Anza na huyu wa kwanza."

Muema alimlaza mezani yule ninga mwenye lebo mguuni, akapima bila kuisoma lebo yake. "Mia moja themanini na tatu." Kasyoka akaifunua ile lebo: mia moja themanini na nne. Mbawa hupungua kidogo zikikauka, alimweleza Nasike.

Kisha wa pili. Nasike alimwona kwa mara ya kwanza. Alikuwa mdogo kuliko alivyofikiria, mgongo wa kijani kama jani la mgomba mchanga, kifua cha kijivu laini kama majivu ya asubuhi. Mshono wa tumboni aliutafuta, hakuuona.

Muema aliilaza rula kwenye ubawa. Alipima mara moja, akapima tena. "Mia moja sabini na moja."

Nasike akaiweka lebo mezani.

Muema aliisoma yote, polepole, hadi kwenye kuyu. Alimgeuza yule ndege, akamrudisha. Kisha akasema bila kumtazama mtu, "Mzee hakuchanganya." Akaongeza, "Nisamehe, mama. Niliongea vibaya juu ya mtu asiyeweza kujibu."

"Amejibu," Nasike alisema.

Ushahidi ulitumwa Alhamisi, siku moja kabla ya mwisho. Jibu lilichukua miezi mitano. Kasyoka alilileta Gatwekera mwenyewe: ninga wa Kiungamwe ataandikwa kama aina yake, na mbele ya jina lake patakuwa na alama ya walio hatarini kutoweka. Kwenye kisiwa ukataji wa mikuyu umesimamishwa, na mlinzi wa msitu ameongezewa wenzake wawili. Haijulikani kama ndege mia mbili kasoro wa ukoo ule watatosha kuujaza msitu tena. Lakini majira yaliyopita mlinzi alihesabu viota kumi na vinne. Nasike aliombea viota hivyo kanisani, kwa sauti, na hakuna aliyecheka.

Mukhwana alilirudisha koti kwa Nasike siku ileile ya kupima, kisha wiki iliyofuata akaja kulichukua tena. Nasike alikuwa amelitia kiraka kwenye kola, akijitahidi kuiga mshono wa marehemu. Kiraka kinaonekana.

Ila kabla hawajaondoka kituoni Jumatano ile, Kasyoka alikuwa amemwonyesha Nasike kitu. Chini kabisa ya lebo kulikuwa na mstari mtupu, na kabla yake neno moja: *Fundi*.

"Jina la fundi huandikwa mwisho," Kasyoka alisema. "Kazi ikiisha. Wengine huliandika mapema. Yeye hakukubali hata mara moja."

Akampa penseli. Muema alimshikilia ndege ili asitikisike. Nasike aliegemeza mkono mezani, mahali ambapo mbao zilikuwa zimelika kwa kiwiko cha mtu mmoja, akaandika kwa herufi ndogo zilizosimama wima: *Wekulo*. Kisha akaufunga uzi mguuni mwa ninga, fundo mara mbili, akauvuta kuona kama umeshika.

Ulikuwa umeshika.